Kufuata msimu wa NHL na mtoano wake ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega

Timu ya hoki ya barafu katika NHL, ligi ya Marekani na Kanada, hucheza mechi 82 za msimu wa kawaida, kuanzia mapema Oktoba hadi katikati ya Aprili. Kuanzia msimu wa 2026–27 zinakuwa 84. Nyingi huchezwa Kisumu ikiwa imelala fofofo. Anayejaribu kuzikesha zote hufika Desemba anasinzia kazini, na Mei inapofika, wakati mechi ni tamu kuliko zote, ameshaacha kufuatilia. Afadhali ugawe kazi mara mbili. Msimu wa kawaida usome kwenye jedwali na utazame mechi moja au mbili kwa wiki. Usingizi wako uwekee mtoano, kwa sababu huko kila mechi ina uzito.

Saa na tarehe

Kenya haibadilishi saa, lakini sehemu kubwa ya Marekani na Kanada hubadilisha. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York, Boston, Toronto na Tampa huwa nyuma yetu kwa saa 7. Miezi mingine ni saa 8. Kwa Chicago, Dallas na Winnipeg ongeza saa 1. Kwa Denver, Edmonton, Calgary na Salt Lake City ongeza 2. Kwa Seattle, Las Vegas na Los Angeles ongeza 3.

Mechi nyingi huanza saa moja jioni ya mji wenyeji. Kwa saa zetu inakuwa hivi, ya kwanza ikiwa ya Oktoba na ya kuanzia katikati ya Machi, ya pili ikiwa ya Novemba hadi mapema Machi:

- New York, Boston, Toronto, Tampa: saa nane usiku, saa tisa usiku.
- Chicago, Dallas, Winnipeg: saa tisa usiku, saa kumi alfajiri.
- Denver, Edmonton, Calgary, Salt Lake City: saa kumi alfajiri, saa kumi na moja alfajiri.
- Seattle, Las Vegas, Los Angeles: saa kumi na moja alfajiri; saa kumi na mbili asubuhi.

Tarehe ndiyo huwaponza wengi. Ratiba ikisema Jumanne saa moja jioni kule New York, kwako ni usiku wa kuamkia Jumatano. Ukitega kengele ya simu Jumanne saa nane usiku, utaamka siku nzima kabla ya wakati na kukuta hakuna kitu. Programu rasmi ya NHL huonyesha saa kwa kufuata mipangilio ya simu, kwa hiyo hakikisha simu iko kwenye saa za Nairobi, kisha soma tarehe pamoja na saa. Wiki mbili za kuangalia sana ni ile ya mwanzo wa Novemba na ile ya katikati ya Machi, maana saa za kule zinaruka na kengele uliyoizoea inakuwa na kosa la saa nzima.

Mechi za mchana wa wikendi ndizo za kuanzia. Mechi ya Jumamosi saa saba mchana kule pwani ya mashariki huingia kwetu saa mbili usiku, au saa tatu usiku kati ya Novemba na mapema Machi. Ukumbi ukiwa na runinga moja hapa utapata ubishi, kwa sababu mechi ya jioni ya Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa moja na nusu au saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu, na hakuna mwenye ukumbi Kondele au Section 58 atakayeiondoa kwa ajili ya Boston. Jumapili huwa na nafasi zaidi.

Chagua timu kwa kuangalia maisha yako kabla ya kuangalia rangi za jezi. Boston, Philadelphia, Washington na New York Rangers hupata mechi nyingi za mchana wa wikendi, na zinamfaa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Anayerauka saa kumi, awe ni mwuza maziwa, mwalimu wa bweni au dereva wa matatu ya kwanza kutoka Nakuru kwenda Nairobi, atapatana zaidi na Colorado, timu ya Denver, au Edmonton. Timu za pwani ya magharibi zinavutia kwa sababu huanza alfajiri, lakini katikati ya msimu mechi ya saa kumi na mbili asubuhi huisha saa mbili na nusu, na hapo umeshachelewa kazini.

Kwa anayejua hoki ya uwanjani

Magharibi mwa Kenya gongo si kitu kigeni. Friends School Kamusinga kule Bungoma na Tigoi Girls kule Vihiga ni majina makubwa katika hoki ya shule, na Butali Warriors wa Kakamega wamekuwa mabingwa wa ligi kuu ya Kenya. Aliyecheza huko ana nusu ya kazi mkononi, mradi azijue tofauti.

Kwenye barafu kila upande una wachezaji 6: washambuliaji 3, mabeki 2 na kipa. Kikosi cha siku ni wachezaji 18 na makipa 2. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila kipenga kinapolia. Kati ya kipindi na kipindi kuna mapumziko ya takriban dakika 18, kwa hiyo mechi nzima huchukua kama saa mbili na nusu. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta, na nyuma ya goli pia panachezwa. Badala ya mpira kuna paki, kipande bapa cha raba ngumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Hugandishwa kabla ya mechi ili isirukeruke.

Kwenye nyasi bao lazima lipigwe ukiwa ndani ya nusu duara. Hapa unaweza kufunga kutoka popote, na pande zote mbili za gongo zinaruhusiwa. Kuotea, ambako hoki ya uwanjani ilikuacha zamani, kungali kuna nguvu hapa: paki lazima ivuke mstari wa bluu, ule unaoanzia eneo la wapinzani, kabla ya mshambuliaji.

Kuna kosa moja linalomchanganya kila mgeni, nalo linaitwa aisingi. Mchezaji akiipiga paki kutoka nusu yake mpaka ikavuka mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa, mchezo husimamishwa na paki hurudishwa kugombewa mbele ya goli la timu iliyokosa. Uzito wake uko kwenye benchi: timu hiyo hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Mchezaji hukaa barafuni sekunde 40 hadi 50 hivi kisha hutoka kupumua. Waliokosa wakishafika dakika moja na nusu bila kutoka, miguu imekwisha, na mabao mengi huingia papo hapo. Ukiona aisingi mbili mfululizo za timu moja, usiende kuchota chai.

Adhabu ndogo ni dakika 2, sawa na kadi ya kijani unayoijua, lakini wapinzani wakifunga bao kabla ya muda kwisha, aliyeadhibiwa hurudi mara moja. Adhabu kubwa ni dakika 5 na hutumikiwa yote hata yakiingia mabao matatu. Timu yenye mchezaji mmoja zaidi hufunga takriban mara moja katika kila nafasi tano. Iliyopungukiwa inaruhusiwa kuipiga paki mbali bila kuhesabiwa aisingi, ndiyo maana utawaona wanaitupa tu.

Usiifuate paki kwa macho. Kwenye skrini ya simu utaipoteza kila sekunde chache. Tazama miili ya wachezaji na vichwa vyao vinakoelekea, paki utaikuta huko. Ikiwa timu inapoteza kwa bao moja na zimebaki dakika mbili au tatu, angalia goli lake: kipa atatoka akimbilie benchi na mchezaji wa sita aingie. Hapo ama watasawazisha, ama watafungwa kwenye goli tupu.

Kusoma jedwali

NHL ina timu 32 katika kanda mbili, Mashariki na Magharibi. Mashariki ina makundi ya Atlantic na Metropolitan, Magharibi ina Central na Pacific, kila kundi timu 8. Kushinda ni pointi 2 bila kujali umeshinda lini. Kupoteza ndani ya dakika 60 ni sifuri. Kupoteza katika muda wa ziada au mikwaju ni pointi 1. Muda wa ziada wa msimu wa kawaida ni dakika 5, wachezaji watatu kwa watatu pamoja na makipa, na bao la kwanza linamaliza kazi. Bao lisipopatikana huingia mikwaju, kila upande mitatu, kisha mmoja mmoja hadi apatikane mshindi.

Kwa hiyo mechi iliyoisha mapema inagawa pointi 2, na iliyofika muda wa ziada inagawa 3. Timu yako ikiwa inawafukuza wapinzani wawili wanaokutana usiku huo, unachotaka ni mmoja ashinde ndani ya dakika 60. Wakifika sare mwishoni mwa kipindi cha tatu, wote wawili watakuongezea deni. Utaona mechi za Machi zikipoa dakika tano za mwisho zikiwa sare. Makocha wanailinda ile pointi moja.

Kwenye jedwali, GP ni mechi zilizochezwa, W ushindi, L kupoteza ndani ya dakika 60, OT kupoteza baadaye, PTS pointi. Wageni wengi huishia hapo wakadanganyika, kwa sababu timu hazichezi kwa mwendo mmoja: moja inaweza kuwa na mechi 50 na jirani yake 46. Angalia asilimia ya pointi, P%, ambayo ni pointi ulizopata kugawanya kwa pointi ulizoweza kupata. Timu yenye pointi 58 katika mechi 50 ina .580. Ukitaka kujua inaelekea wapi, gawanya pointi kwa mechi, kisha zidisha kwa 82: 58 kwa 50 ni 1.16, mara 82 ni pointi 95. Hapo ndipo penye mpaka. Miaka mingi pointi 95 hivi hutosha kuingia mtoano, 90 mara nyingi hazitoshi. Kwa msimu wa mechi 84 mpaka utasogea juu kidogo, basi zidisha kwa 84.

RW ni ushindi uliopatikana ndani ya dakika 60, na ndiyo hukata shauri timu zikilingana pointi baada ya mechi sawa. Zikilingana tena huangaliwa ROW, yaani ushindi wote bila ule wa mikwaju. Timu inayopata pointi zake kwa mikwaju inaonekana nzuri Januari na huumia Aprili.

Mwezi wa mwisho fanya hesabu ya kufuzu wewe mwenyewe, usingoje kuambiwa. Chukua pointi za mpinzani, ongeza mechi zilizomsalia mara mbili. Ana 84 na mechi 5, basi mwisho wake ni 94. Timu yako ikiwa na 96, huyo hawezi tena kukufikia. Herufi zitaanza kutokea mbele ya majina: x amefuzu, y ameshinda kundi, z ameongoza kanda, p ameongoza ligi nzima na kupewa Presidents' Trophy, e ameaga.

Msimu una vituo vyake

Oktoba usiamini kitu. Timu zimecheza mechi kumi, kipa mmoja amewaka, na jedwali limepinduka. Ukitaka kujua kama mwanzo mzuri utadumu, jumlisha asilimia ya mashuti ya timu yanayoingia golini na asilimia ya mashuti ambayo kipa wake anaokoa. Kwa ligi nzima jumla hiyo huwa 100. Timu yenye 104 mwezi wa Novemba itashuka, na yenye 96 huenda inacheza vizuri kuliko jedwali linavyosema.

Kituo cha kwanza cha maana ni sikukuu ya Shukrani ya Marekani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Takriban robo tatu ya timu zinazokuwa katika nafasi za kufuzu siku hiyo hufuzu kweli. Krismasi ligi hupumzika tarehe 24 hadi 26. Mapema Machi kuna siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, na hiyo inafaa kuisoma kwa makini: klabu inayotoa haki yake ya kuchagua vijana wapya miaka ijayo ili imlete mchezaji mkongwe imetangaza kwamba inautaka ubingwa mwaka huo. Inayouza imekwisha kukubali.

Lakini robo tatu si zote. St. Louis Blues walikuwa wa mwisho katika ligi nzima asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019. Siku nne baadaye walimwanzisha kipa Jordan Binnington kwa mara ya kwanza, na Juni walilibeba kombe la Stanley, ambalo ndilo kombe la bingwa wa NHL, baada ya kuwapiga Boston mechi ya saba mjini Boston kwenyewe. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kufuata jambo moja tu wiki nzima, fuata makipa.

Jina la kipa wa siku hujulikana saa chache kabla ya mechi. Timu inapocheza siku mbili mfululizo, ya pili mara nyingi humpa kipa wa akiba, na wachezaji wamefika hotelini usiku wa manane. Mechi kama hiyo usiiamkie saa nane. Tazama muhtasari wake asubuhi. Kipimo cha kipa ni sehemu ya mashuti aliyookoa: 28 kati ya 31 ni .903, na hiyo ni kazi ya kawaida ya siku hizi. Anayeshika .920 kwa miezi anaibeba timu. Usimpime kwa mechi moja, wala tatu.

Mtoano

Timu 16 huingia. Katika kila kundi hufuzu 3 za juu, kisha kila kanda huchukua 2 nyingine zenye pointi nyingi bila kujali kundi. Hizi kwenye jedwali huandikwa Wild Card, yaani nafasi ya ziada. Mshindi wa kundi mwenye rekodi bora katika kanda hukutana na ya pili kati ya hizo mbili, mshindi mwingine hukutana na ya kwanza. Wa pili na wa tatu wa kila kundi wanakutana wenyewe kwa wenyewe. Timu ya nafasi ya ziada inaweza kutupwa upande wa kundi lisilo lake, na hapo ndipo watu huchora mchoro vibaya. Ukishachorwa haubadiliki tena hadi fainali.

Kila raundi ni hadi mechi saba: wa kwanza kushinda 4 anaendelea. Raundi ni 4, basi bingwa lazima ashinde mechi 16. Mechi ya 1, 2, 5 na 7 huchezwa kwa timu yenye rekodi bora, ya 3, 4 na 6 kwa nyingine, mara nyingi usiku mmoja ukirukwa kati yake. Faida ya nyumbani si kelele za mashabiki peke yake. Kocha mwenyeji ndiye wa mwisho kubadilisha wachezaji kila mchezo unaposimama, kwa hiyo anaona nani ameingizwa kisha anamwekea beki anayemtaka. Ukiona nyota wa wageni hana nafasi mechi mbili, kisha anachangamka mechi ya tatu akiwa kwao, sababu ni hiyo.

Faida hiyo si dhamana. Florida Panthers walipotwaa kombe la 2025 walianza raundi zote nne ugenini: Tampa Bay kwa mechi 5, Toronto kwa 7, Carolina kwa 5, na Edmonton kwa 6. Mechi 23, na 10 kati ya ushindi wao 16 waliupata ugenini.

Jambo ambalo mashabiki wapya hulipa kwa machozi ni kuamini pointi za msimu. Tampa Bay walimaliza 2018–19 na ushindi 62 na pointi 128, kisha Columbus wakawatoa raundi ya kwanza 4–0. Boston walivunja rekodi 2022–23 kwa ushindi 65 na pointi 135, wakaongoza Florida 3–1, wakatolewa 4–3. Florida hao walikuwa wameingia na pointi 92. Sababu zipo. Unacheza na timu ileile hadi mara saba, na kila udhaifu wako unatazamwa kwenye video kila usiku. Kipa mmoja wa upande wa pili akishika moto kwa siku kumi, pointi zako za Januari hazikusaidii. Nyota wako wakiumia, klabu haitakuambia kweli. Ripoti itasema tu jeraha la sehemu ya juu ya mwili au ya chini, na hivyo husemwa kwa makusudi ili wapinzani wasijue pa kugonga.

Muda wa ziada nao unabadilika kabisa. Mikwaju haipo. Huchezwa vipindi vya dakika 20, watano kwa watano, mpaka bao liingie, hata ikifika alfajiri kwao. Agosti 2020 Tampa Bay na Columbus walikwenda vipindi vitano vya ziada, na kipa Joonas Korpisalo aliokoa mashuti 85 na bado akapoteza. Ndefu kuliko zote ilichezwa Machi 1936, Detroit na Montreal Maroons, dakika 116 na sekunde 30 za ziada kabla ya bao moja kuingia. Kwa mpango wako, hesabu karibu dakika 50 kwa kila kipindi cha ziada ukijumlisha mapumziko.

Fainali huchezwa Juni, na mwaka 2025 zilianza saa mbili usiku ya New York, yaani saa tisa usiku kwetu, hata zilipochezwa Edmonton. Zikiisha kawaida ni kabla ya saa kumi na mbili. Zikienda ziada, unaona bao la mwisho jua likichomoza, na wa shule wanahitaji uji. Lala saa mbili usiku siku hiyo, amka saa tisa kasorobo. Kukesha kuanzia jioni kunashindwa kipindi cha pili, karibu kila mara.

Usizime simu timu yako ikiwa chini 3–0 katika raundi, lakini pia usijidanganye: hadi kufikia 2025 ni timu nne tu zilizorudi kutoka hapo na kushinda, Toronto 1942, New York Islanders 1975, Philadelphia 2010 na Los Angeles 2014. Edmonton walikaribia kufanya hivyo katika fainali ya 2024. Walitoka 3–0 hadi 3–3, wakapoteza ya saba 2–1.

Bando, stima na majirani

Bando la siku linaloisha saa sita usiku halifai kitu kwa mechi ya saa nane. Nunua baada ya saa sita, au chukua la saa 24 na ulianzishe jioni. Video ya ubora wa 480p hula takriban GB 0.6 kwa saa, hivyo mechi nzima ni kama GB 1.5, 720p ni maradufu yake. Chini ya 480p paki hupotea kabisa, na hapo afadhali usikilize. Programu ya NHL hutoa matangazo ya redio ya mechi, na sauti ya kilobiti 64 hula kama MB 29 kwa saa. Muhtasari wa kila mechi huwekwa kwenye chaneli ya NHL ya YouTube, na huo ndio chakula cha kila asubuhi cha msimu wa kawaida.

Ukitaka kutazama marudio bila kujua matokeo, zima arifa za programu kabla ya kulala, na usifungue YouTube kwenye ukurasa wa mbele, kwa sababu picha ya video peke yake itakuambia. Angalia pia urefu wa video: marudio ya saa tatu na nusu yamekwisha kukufichulia kwamba kulikuwa na muda wa ziada. Funika sehemu ya chini ya skrini kwa karatasi, au mwombe mwingine aibonyeze.

Stima hupotea zaidi msimu wa mvua ndefu, na mtoano huangukia humohumo, Aprili na Mei. Chaji simu na pawabenki jioni, na uwe na bando la simu hata kama una waifai, maana ruta itazimika pamoja na taa. Mkiwa kikundi, mlale pale pale mtakapotazamia badala ya kutembea saa nane usiku kutoka Nyalenda hadi Milimani. Katika nyumba za kupanga, ukuta ni mwembamba na bao la ziada saa kumi na moja halizuiliki kooni. Waambie majirani tangu juzi yake, na siku ya fainali wapelekee mandazi.

Anayetaka kuiona barafu yenyewe ataipata Nairobi, kwenye hoteli ya Panari Barabara ya Mombasa, ambako timu ya hoki ya barafu ya Kenya Ice Lions ilianza. Mwaka 2018 wachezaji wao walipelekwa Kanada na kucheza bega kwa bega na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na 2024 Kenya ikaingia katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Uwanja huo ni mdogo kuliko wa NHL, kwa hiyo usiupime mchezo wa runinga kwa ulichokiona pale.

Baada ya kombe, wachezaji walio huru huanza kusaini mikataba tarehe 1 Julai, na ratiba ya msimu mpya hutolewa mwezi huohuo. Ikitoka, pitia mechi za timu yako zote, weka alama kwenye za Jumamosi na Jumapili mchana, zigeuze kwa saa zetu, na uziandike kwenye kalenda ya simu zikiwa na tarehe ya Kenya.